Mikono ya Mama Jepkorir

Siku hizo mjini Nakuru, mkimbizi aliyechoka kupiga deki aliweza kurithishwa mikono ya fundi mstaafu. Alilala na glavu za fundi huyo, na asubuhi vidole vyake vikaamka vinaijua kazi. Nabintu, mzaliwa wa Bukavu, alirithishwa mikono ya Mama Jepkorir, Mkalenjin aliyekuwa fundi wa mashine za hospitali. Wodi aliyokuwa akiipiga deki, sasa alitengeneza humo mashine za kuwasaidia watoto njiti kupumua. Ila vidole vilikuja na mazoea yote ya mama huyo.

"Niliomba sombe, kisamvu cha kwetu," alisema mumewe, Mushagalusha, akifunua sufuria.

"Baba Ciza, nilianza na sombe kweli. Mikono ikakataa, ikapika mnavu kwa maziwa."

"Kumbe nimeoa Mkalenjin bila mahari!"

Wakacheka hadi mwiko ukaanguka. Kisha Mushagalusha akatazama dirishani. Hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha mikono; jua likizama, isingerudishika tena.

"Irudishe, mama. Nimemkosa mke wangu jikoni."

"Asubuhi mtoto alikuwa amebadilika rangi, mashine imezimika. Nimeifungua, nikaifunga, akapumua. Nirudi kwenye ndoo?"

Alinyoosha mkono ampapase shavu. Vidole vikalipita shavu, vikamfinya sikio kwa mapenzi ya zamani sana, yasiyo yake.

Mushagalusha akalishika sikio. "Hujawahi kunifinya sikio."

Nabintu alivitazama vidole vyake. Nje, jua lilikuwa limezama. Akampakulia mnavu, sahani ikajaa.

"Kula, baba. Siombi radhi."