Barakoa Mlangoni

"Bila barakoa huingii, mama," mlinzi wa hospitali mjini Voi alimwambia Nthambi, akimpa moja. Ndani, mumewe alikuwa akipumulia mashine.

Nthambi aliifikisha mdomoni, akaishusha upesi. Tangu mwanaume mmoja alipomziba mdomo kwa kiganja wakati wa vurugu za uchaguzi, hakustahimili kitu usoni, hata leso.

Jirani aliyemsindikiza kutoka kijijini Mraru ndiye pekee aliyejua. Akamshika mkono.

"Msishikane! Hamjui kuna korona?" mlinzi alifoka.

Jirani hakumwachilia. Kwa mkono wake mwingine alimvalisha polepole, sikio moja, kisha la pili. Kitambaa kikamganda midomoni, kimelowa jasho. Nthambi akavuta pumzi, akaingia.

Kando ya kitanda cha mumewe, muuguzi aliyekuwa akizima mashine alimtazama.

"Wewe ndiye mkewe? Keti kwanza, mama."