Swali la Pili

Kidole gumba cha kushoto kilipasuka ndani ya kibano cha chuma kabla hakimu hajamaliza kuuliza. Tanneken akapiga ukelele uliowashtua farasi waliofungwa uani.

"Nakuuliza tena, mama," alisema Hakimu Wouter huku akijifuta damu iliyomrukia mkononi. "Nani alikubatiza?"

"Simjui, Bwana. Kulikuwa giza."

"Makubwa haya. Mtu mzima na akili zake anamwagiwa maji gizani na mtu asiyemjua?"

Ndivyo walivyoishi watu wale wa Flanders waliobatizwa upya ukubwani, kinyume cha amri ya mfalme. Walikutana bila taa, hawakuulizana majina, hawakuonyeshana nyuso. Usichokijua huwezi kukitapika, hata ukibanwa vipi.

"Haya, tuliache hilo. Swali la pili. Jumapili mnakutana wapi?"

Hilo Tanneken alilijua, tena vizuri mno. Watu arobaini na watoto wao wangekuwa kwenye ghala la kitani, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Angetamka neno moja tu, na wote wangechomwa moto au kuzamishwa. Akafunga mdomo.

Hakimu akamwashiria Remy, mtesaji. Remy aliletwa kutoka Ufaransa, na Kiflemi, lugha ya huko, hakujua hata cha kuombea maji. Alielewa ishara mbili tu, kaza na legeza. Akakaza. Kidole gumba cha kulia nacho kikaenda.

"Hivi unamfia nani?" hakimu aliuliza, kama mtu anayemwonea huruma. "Wiki ya sita hii uko humu. Nani kakuletea japo kipande cha mkate? Nani kakuandikia hata mstari mmoja? Hao ndugu zako wanalala kwenye magodoro yao, wewe unaoza. Asiyekuwepo na lake halipo, mama."

Maneno yale yalimuuma kuliko chuma, kwa sababu yalikuwa kweli. Wiki sita Tanneken alikuwa amelaza shavu ukutani, akimwomba Mungu ampe mtu mmoja tu, hata wa kukohoa upande wa pili. Hakusikia ila panya. Tangu juzi alikuwa ameacha kuomba.

Kengele ya adhuhuri ikalia. Hakimu akainuka, akajinyoosha.

"Supu yangu inapoa," alisema, kisha akamwonyesha Remy kwa kidole: miguu sasa. Akamgeukia karani aliyeinamia karatasi zake kwenye kona. "Na wewe, bubu wa kujitakia, andika kila kitu. Hata akipiga chafya, andika."

Karani akaitikia kwa kichwa bila kuinua uso.

Remy alileta vibao viwili, akaubana mguu wa Tanneken katikati, akaanza kupigilia kabari kwa nyundo. Kabari ya kwanza, Tanneken aliimba zaburi. Ya pili, alimwita mama yake, aliyekwisha kufa zamani. Ya tatu, mfupa ukavunjika, naye akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema wazi kabisa, "Ghala la kitani. Nyuma ya kiwanda cha ngozi. Jumapili, alfajiri."

Kalamu ikakwaruza karatasi. Remy, ambaye hakuelewa kitu, akachukua kabari ya nne.

Walinzi walipomrudisha na kumtupa chumbani kwake, Tanneken hakuulilia mguu. Amewauza. Watu arobaini amewauza kwa kabari tatu. Aliwakumbuka mmoja mmoja: babu mwenye kifua kibovu, msichana wa kucheka ovyo, kichanga kilichokuwa kikinyonya katikati ya maombi. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa peke yake siku ile, basi ni yeye. Hata Mungu, aliona, amempa kisogo, na hakumlaumu.

Sheria ya mji ilitaka maneno ya chumba cha mateso yasomwe kwa sauti kesho yake, mfungwa akiwa amefunguliwa vyuma, asikie na kukubali. Bila hivyo hayakuwa na nguvu. Basi asubuhi wakambeba juu ya ubao, mguu ukining'inia kama kitambaa, wakamlaza mbele ya meza ya hakimu. Tanneken akafumba macho. Alitamani afe kabla ya kusikia.

"Soma," alisema hakimu.

Karani akasimama, akakohoa kidogo, akasoma polepole.

"Aliulizwa wanakutana wapi. Hakujibu. Alibanwa miguu. Hakujibu. Mfupa ulivunjika. Alimwita mama yake. Hakujibu."

Tanneken alidhani amewehuka kwa maumivu.

"Ndiyo basi?" hakimu aliuliza kwa hasira. "Mchana kutwa, na hilo ndilo mlilopata?"

Karani akageuza ukurasa.

"Aliulizwa aliyembatiza ni nani. Alijibu kwamba uso wake hakuuona, lakini sauti yake angeitambua popote, hata kaburini."

Hilo nalo Tanneken hakulisema. Lakini lilikuwa kweli.

Hakimu akacheka mpaka mkufu wa cheo ukaruka kifuani. "Sauti! Basi tuuite mji mzima tuwasikilize mmoja mmoja. Una la kuongeza, mwanamke? Kama huna, kesho ni pipa la maji, kichwa chini."

"Sina la kuongeza, Bwana."

Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakimu akaona ni woga. Tanneken alikuwa amefumbua macho, akimtazama karani. Mara ya mwisho kuisikia sauti ile ilikuwa gizani, maji yakimchuruzika kichwani, nayo ikimwambia kwamba tangu siku ile hatakuwa peke yake tena.