Kiti cha Kwenda Kambini

Mama yake, Truphena, alikuwa amemkalia mgongoni, akihesabu. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Zephania alishuka hadi pua ikagusa zulia, akapanda tena, jasho likimdondoka kidevuni. Chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba akinyoosha miguu, vidole vilifika chini ya jiko.

"Bado nane," Truphena alimwambia. "Usinilegezee."

Hivyo ndivyo mchezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani, mtu wa kilo mia na arobaini, alivyojiandaa kwa msimu wa mwaka 2020: ndani ya chumba kimoja, mtaa wa Kandara, Jeddah.

Alikuwa amekuja Machi, kwa siku kumi tu, kumwona mama yake baada ya miaka sita. Truphena alikuwa nesi katika hospitali moja ya mji huo. Siku ya tano safari za ndege zikasimamishwa kwa sababu ya korona. Kisha watu wakakatazwa kutoka nje, na barabara ya kwenda Riyadh ikafungwa. Truphena alikuwa na kibali cha kwenda kazini. Mwanawe alikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta.

Huko Marekani alikuwa amekaa benchi miaka miwili. Kazi yake ilikuwa kusimama mstari wa mbele na kuwazuia majitu kama yeye wasimfikie mrusha mpira, na mwaka huu kocha alikuwa amemwahidi kwamba angeanza. Sasa kila wiki kocha alipiga na habari mpya. Mechi za majaribio zinafutwa. Wachezaji watapimwa kila asubuhi. Majukwaa yatakuwa matupu. Anayeuogopa ugonjwa anaweza kuomba kukaa nje msimu mzima. Lakini kambi inafunguliwa mwisho wa Julai, na asiyefika bila kuomba, nafasi yake anapewa mwingine.

Zephania hakuomba. Alimweleza mama yake yote hayo, naye akasikiliza huku akivua viatu vya kazi. Kisha akamuuliza habari za Jeremy, rafiki yake wa mstari wa mbele, ambaye alikuwa amelazwa.

"Wamemweka kwenye mashine ya kupumulia," Zephania alisema.

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na sita. Kama mimi."

"Na uzito?"

Zephania alicheka kidogo. "Ananizidi kilo mbili tu."

Truphena aliinuka, akaenda kusonga ugali.

Kulikuwa na ndege maalum za kuwarudisha watu Marekani, zikiondokea Riyadh. Fomu ilitaka nambari ya simu ya Saudia, na kwa kuwa laini ya Zephania ilikuwa ya Marekani, waliandika ya mama. Aliyepata kiti angepigiwa. Ndege ya kwanza ikaondoka Mei, ya pili Juni. Kila jioni, kabla mama yake hajaweka mkoba chini, Zephania alimuuliza kama wamepiga, na kila jioni alitikisa kichwa. Labda raia ndio wanaotangulizwa, alimfariji, na wewe una kadi ya ukaazi tu. Ndege ya pili ilipoondoka alimkumbatia, wakalia wote wawili. Siku hizo macho ya Truphena yalikuwa mekundu daima. Ni wodi, alisema. Wodi na barakoa.

Katazo lilipoondolewa, Zephania aliruhusiwa kutoka lakini hakuwa na pa kwenda. Ofisi ya zile ndege haikupokea watu mlangoni, kila kitu kilikwenda kwa simu. Alikimbia ngazi za jengo hadi majirani wakalalamika. Akarudi chumbani. Kuta zilizidi kumsogelea, na usiku aliota amevaa helmeti isiyovulika.

Katikati ya Julai alipata ujumbe kutoka kwa Hezron, dereva Mkenya aliyeishi Manfuha, Riyadh. Ndege nyingine ingeondoka Alhamisi. Kila mara kuna wasiotokea, Hezron aliandika, na viti vyao hugawiwa pale pale uwanjani. Njoo ujaribu.

Zephania alimwambia mama yake. Kwa mara ya kwanza tangu afike, Truphena alimjia juu.

"Mafi safari, hakuna kwenda. Utasongamana na watu huko bure. Wewe subiri wapige, halas, basi."

Hakubishana naye. Jumatano mama yake alipokwenda zamu ya mchana, alifunga begi, akamwandikia barua fupi ya kuomba radhi, akaiacha juu ya mto wake. Alipanda basi. Kwenye viti viwili alivyojaza peke yake, alilia kidogo kwa ajili ya mwanamke yule ambaye angerudi jioni na kukuta chumba kitupu.

Asubuhi Hezron alimpokea Riyadh, akampa chai na mandazi, akampeleka uwanja wa ndege.

Kwenye meza ya ukaguzi alikaa dada Mkenya, kibandiko cha jina lake kikisema Velma. Zephania alimweleza kwa Kiswahili kwamba hajaitwa, ila amekuja kubahatisha. Velma alitabasamu, akachukua pasipoti, akaandika jina kwenye kompyuta.

Tabasamu likafutika. Akalisoma jina tena, herufi kwa herufi.

"Nilikupigia mara tatu," alisema polepole. "Mara ya kwanza mama aliyepokea alisema unaumwa. Ya pili, kwamba uko kwenye mashine."

Alitazama picha, kisha uso wa Zephania.

"Jumatatu akaniambia ameshakuzika. Alilia, kaka, hadi na mimi nikalia naye."