Kitabu cha Mizizi cha Bi Nungunungu

Katika chuo kikuu cha wanyama palikuwa na mhadhiri wa dawa, Bi Nungunungu. Kitabu chake cha mizizi kilikuwa kimoja tu, naye alikifungia sandukuni.

"Mwalimu, turuhusu tukinakili," Pimbi, mwanafunzi wake, alimsihi. "Hata walio mbali wasome."

"Nilikiandika peke yangu. Anayekitaka atakisomea hapa, mbele yangu."

Pimbi akaondoka. Akazunguka mapangoni na mashimoni akiuliza kila mnyama anajua mizizi gani, akaandika kitabu kipya, na kila aliyetaka akakinakili na kukisahihisha. Wanafunzi wakahamia kwake. Bi Nungunungu akabaki akivifundisha viti vitupu. Nyumbani alijisomea kwa sauti kubwa, angalau asikie sauti yoyote.

Siku moja mguu wake ulivimba, na dawa ya kitabu chake haikumfaa. Akajikokota hadi kwa Pimbi, akaonyeshwa ukurasa wa uvimbe uliosahihishwa na Kenge, akatumia dawa yake, akapona.

"Nikupe nini?" aliuliza kwa aibu.

"Hatudai kitu, Mwalimu. Ila ukurasa wa homa umetushinda. Tumekuwa tukikungoja."

Bi Nungunungu alilia kidogo. Kisha akachomoa mwiba mgongoni, akauchovya katika wino, akaketi katikati yao.