Kisanduku cha Tano

Fimbo ya tatu ilimpata Hosea mdomoni. Jino likaruka, likazama kwenye lundo la kahawa. Huko Ulaya yupo mtu atakayelinywa bila kujua.

"Kiko wapi?" aliuliza Wenseslaus, msimamizi wa ghala.

Hosea, mbeba magunia, alisema hajui. Ya nne ikamshukia begani.

Kilichopotea ni kisanduku kidogo kama kiberiti. Fundi Godlove, kijana wa chuo, alikuwa amefunga vinne ukutani na cha tano juu ya kigari kinachojiendesha chenyewe, cha kubebea magunia. Viliitana kwa sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Kompyuta ikapima muda wa sauti kufika, ikaonyesha nukta nyekundu pale hasa kigari kilipo. Jana alionya: kisanduku kikifunikwa, nukta hupotea.

"Hata kwa kanga?" aliuliza bibi Kornelia, mfagiaji. Wakamcheka. Hata kwa kanga, bibi, Godlove akamjibu.

Leo kigari kilikutwa na kipara, kisanduku hakipo, na Hosea ndiye aliyekipangusa mara ya mwisho.

Ilikuwa Julai, baridi ya Shirimatunda inauma. Wenseslaus alichapa akiwa ndani ya koti lake zito, alilofunga mpaka kooni. Asubuhi hiyohiyo Kornelia alikuwa amemshonea vifungo vipya, kwa taabu, maana vidole vyake viwili vilipinda mwaka jana, siku alipomletea chai iliyopoa. Fimbo ilikuwa hiihii. Siku ile kila mtu aliinamia kahawa yake.

Ya kumi, Hosea akaanguka. Kornelia aliukumbatia ufagio, midomo ikimcheza kama yuko kwenye rozari.

Ya kumi na tano, Wenseslaus aliinua mkono juu kabisa. Kifungo kikakatika, cha pili kikafuata, koti likafunguka.

"Nukta imerudi," alisema Godlove, akiwa kwenye kompyuta.

"Iko wapi?"

Kijana alitazama kioo, akatazama watu, akatazama kioo tena. "Hapo uliposimama, mzee."

Kisanduku kilikuwa kinachungulia kutoka mfuko wa ndani wa koti.

"Umeiba wewe, unamuua Hosea?" Doris, mchambua kahawa, aliuliza polepole.

Wenseslaus alianza kuapa, lakini neno "umeiba" likishatamkwa, cheo hakisaidii. Wachambuzi walimwangusha, wabeba magunia wakamkanyaga, fimbo ikapita mkono kwa mkono kama kata ya pombe ya mbege. Taya lililia kama tawi kavu. Walipochoka, goti lake lilikuwa limetazama nyuma, na vidole vyake vilivyopinda havikuwa na hesabu.

Kornelia hakugusa fimbo. Alipiga magoti kwa Hosea, akamfuta damu kwa pindo la kanga, akamwinamia sikioni.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona. "Kwa vidole hivi, nilidhani vifungo vingekatika fimbo ya kwanza."