Kiolezo Kimegoma

"Nenosiri si sahihi," kompyuta ikaandika tena kwa adabu ileile, na Bi Koma akatamani kuizaba kofi.

Jina hilo la Bi Koma lilikuwa na sababu mbili. Alikuwa bingwa wa kusaka alama za koma zilizopotea kwenye programu za watu. Halafu, akikasirika, "Koma!" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza na la mwisho. Leo lilikuwa likimtoka tangu asubuhi.

Alikuwa akiandaa kiolezo, yaani ule msingi ambao kila tovuti ya ofisi yao ndogo ingejengwa juu yake: kurasa mbele, seva nyuma, hifadhidata chini. Kurasa zilifunguka. Seva iliitika. Hifadhidata ndiyo iliyogoma, na aliyeifunga ni mumewe.

Hadi wiki iliyopita mume huyo alikuwa akikaa kwenye kiti hiki hapa, kando yake. Kisha akakichokonoa kiolezo kimyakimya, akafuta kazi yote ya mkewe, na alipoulizwa akajibu, "Si utaandika tena?" Basi. Radhi hakuomba. Mtu yule hakujaliwa neno hilo, hata siku alipochelewa kwenye harusi yake mwenyewe alisema tu, "Si nimefika?" Safari hii Bi Koma alimtolea begi nje ya mlango.

"Utarudi siku utakayoniomba msamaha," alimwambia.

Mume akalibeba begi, akaenda kulala kwa rafiki yake. Tangu hapo hawakusemezana. Nyumba ilimpwaya Bi Koma vibaya sana, lakini kulikiri hilo mbele ya mtu, afadhali ameze wembe.

"Mpigie simu," alisema wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akipanga rangi za kurasa kwenye meza ya pili. "Mteja anaingia hapa saa nane."

"Simpigii ng'o! Nitabahatisha."

"Utabahatisha wapi? Si alijigamba mwenyewe kwamba ameweka neno ambalo yeyote anayemjua hawezi kulidhania?"

Akabahatisha hivyo hivyo. Jina la mama mkwe. Timu yake ya mpira. Tarehe ya harusi yao, ingawa hiyo aliijaribu kutimiza wajibu tu, maana mtu yule hajawahi kuikumbuka. Wapi! Kuibomoa hifadhidata na kuijenga upya kungekula siku mbili, na mteja huenda alikuwa njiani tayari. Bi Koma akaisukuma kibodi, kikombe kikapinduka, chai ikamwagika kwenye sketi.

"Koma!" akakifokea kikombe.

Maji yakizidi unga. Akameza kiburi chake, kikamkwaruza koo kama mwiba wa samaki, akaandika ujumbe kwenye simu: "Mteja anakuja na kiolezo kimefungwa. Una neno la kuniambia, au huna?"

Jibu halikukawia.

"nisamehe"

Bi Koma akalisoma. Akalisoma tena. Herufi ndogo tupu, bila hata nukta, kutoka kwa mwanamume aliyeweza kumnunia mtu kutwa nzima kwa ajili ya nukta.

"Wifi, hebu njoo uone."

Wifi akaja, akashika mdomo. "Kaka yangu mimi? Huyuhuyu? Maskini, mkono ulikuwa unamtetemeka. Hata herufi kubwa imemshinda!"

Hasira zote za wiki nzima zikamwishia Bi Koma palepale. Akamsahau mteja, akaisahau sketi iliyolowa chai. Alilia, na wala hakujificha. Neno moja tu, na alikuwa amelingoja miaka yote ya ndoa yao. Akaandika haraka haraka, kabla kiburi hakijamrudia:

"Nimekusamehe, mume wangu. Na mimi nilizidisha ukali. Rudi nyumbani leo, begi na yote. Mteja na asubiri."

Kwenye kioo cha simu vikacheza vile vidoti vya mtu anayeandika. Vikazima. Vikacheza tena, vikazima tena.

"Anatafuta maneno," alinong'ona wifi, machozi yakimlengalenga. "Mwache. Hajazoea."

Mwishowe ujumbe ukaingia.

"Nakuja sasa hivi, mke wangu. Ila hilo ndilo nenosiri. Herufi zote ndogo, bila nukta."