Kobayi wa Daktari Kazadi

Shituru, mtaa wa kiwanda cha shaba mjini Likasi, ilikuwa na njaa, na Benoît alikuwa amepiga magoti sebuleni akiwakatia wanyama matembele.

"Papa Jenny," mkewe Marcelline alisema kutoka mlangoni, "bantu banalala njaa, weye unalisha bale panya? Leta, nipike."

"Haiko panya. Ni ba-cobaye. Ile njo dawa ya mutoto."

Marcelline akasonya, akarudi nje kwenye sufuria yake tupu.

Kobayi hao, simbilisi wa majaribio, wanono, wenye manyoya na wasio na mkia, walitoka maabara ya hospitali. Benoît alikuwa fundi wa maabara huko, enzi ambazo mshahara ulikuwa bado unafika. Daktari Kazadi aliwatumia kutafuta siri ya pumu: kwa nini kifua cha mtu mwenye afya kinajifunga ghafla. "Kinga ya mwili ni askari," alizoea kumwambia Benoît. "Pumu ni siku ile askari wanapoacha kulinda mji, wanaupora." Baada ya askari kupora mji mwaka tisini na moja, nani wa Likasi angehitaji kuelezwa zaidi?

Kisha watu wenye asili ya jimbo la Kasai wakafukuzwa mjini, na daktari, aliyekuwa mmoja wao, naye akajikuta stesheni na familia yake na magodoro, wakingoja treni. Benoît alikwenda kumuaga.

"Uchunge bale banyama, Benoît. Ile njo kazi yangu yote. Nikirudia, mutoto yako atapata dawa wa kwanza."

Benoît aliapa. Siku ileile aliwabeba kobayi hadi nyumbani, kabla watu hawajawageuza kitoweo.

Jenny, binti yao wa pekee, aliwapenda mno. Mmoja mweupe alimpa jina Bijou, akawa analala naye shuka moja. Kifua kikimbana, alimshika yeye kwanza, ndipo akamwita mama yake.

Na kilimbana, jamani! Zamani mtoto alikuwa akikohoa kiangazi tu, vumbi likizidi. Sasa alipigania pumzi karibu kila siku. Benoît alilaumu moshi wa kiwanda. Kiwanda kikanyamaza, bomba likakaa bila moshi, na mtoto akazidi. Pasaka walimpeleka, bila Bijou, kwa shangazi yake Fidélie huko Kakontwe, ambako vumbi la chokaa hupaka hata majani ya mihogo, wakiogopa atakufa njiani. Wapi! Alikimbizana na binamu zake mpaka magoti yakachubuka.

"Ni furaha ya kuona benzake," Benoît alisema.

Aliporudi nyumbani hakumaliza hata siku moja kabla hawajamwegemeza tena ukutani ili apumue.

Ventoline, dawa ya pumu ya kuvuta, haikuwapo katika duka lolote la dawa mjini. Kutoka Kasai hakuna habari iliyofika. Basi asubuhi moja, mtoto alipopata nafuu kidogo, Benoît alikata shauri: kama dawa haipo, angalau amjue adui anayekibana kile kifua ni nani, amtoe ndani ya nyumba. Alifungua kisanduku cha chupa ndogo za kupimia mzio alichookoa maabara: vumbi la nyumba, mende, manyoya ya paka, ukungu. Akaongeza masizi ya kiwanda aliyoyakoroga mwenyewe.

Alimchoma Jenny mkononi kwa ncha ya sindano, kuanzia kifundo kupanda juu, na kila tundu akalitia tone lake. Tone la adui huvimbisha ngozi. Tundu la mwisho, karibu na kiwiko, aliliacha tupu, kama daktari alivyomfundisha. Hilo halipaswi kuvimba kamwe. Lipo ili mengine yaaminike.

"Papa, inauma!"

"Tulia, mama. Usitikise mukono."

Ili atulie, akamletea Bijou. Jenny akamkumbatia, machozi yakakauka. Bijou akajilaza kwenye kiwiko chake, akaanza kulamba chumvi ya jasho.

Haikupita robo saa, kifua kikaanza kupiga filimbi. Benoît alimwinua, akampepea, akafungua madirisha. Marcelline akaja mbio na maji ya moto, akimwita Bikira Maria, akiwaita majirani. Midomo ya mtoto ikabadilika rangi. Vidole vyake vikakaza manyoya meupe, vikakaza, kisha vikalegea.

Mama yake alimfumba macho. Marcelline aliketi sakafuni na kichwa cha binti yake mapajani, akamtazama mumewe kana kwamba hamjui.

"Angalia basi ule mukono, Papa Jenny. Unionyeshe ule adui yako."

Benoît alijifuta macho ili aone. Vumbi, hakuna kitu. Mende, hakuna. Paka, hakuna. Ukungu, hakuna. Hata masizi ya kiwanda, ambayo angeweza kuapa kuwa ndiyo adui, hayakuacha alama. Ngozi ilikuwa laini kabisa, na kwa muda mfupi alihisi kwamba angalau yeye hakukosea chochote.

Akamwondoa Bijou kwenye kiwiko ili amlaze mtoto vizuri. Pale chini, kwenye tundu aliloliacha tupu, ngozi ilikuwa imeumuka nyekundu, bado ina unyevu wa ulimi wa Bijou.